Vyuma au makonde? Jinsi ya kujenga misuli bila kupoteza pumzi ya ulingoni

UKIINGIA kwenye jimu za mitaani Nairobi mida ya saa moja jioni, iwe Umoja, Kawangware au Pipeline, utakuta makundi mawili ambayo huwa hayaongei sana. Upande mmoja kuna watu wa vyuma. Fulana zimekatwa mikono, kioo kiko mbele yao, muziki uko juu. Kwenye kona, penye mkeka uliochanika na gunia lililoning'inizwa kwa mnyororo, kuna watu wa mapigano.

Siku hizi limezuka kundi la tatu. Hawa wanataka vyote viwili, tena wiki hiyo hiyo, tena kwa nguvu zote.

Na si ajabu. Machi 2021, Francis Ngannou wa Cameroon alipomlaza Stipe Miocic na kutwaa taji la uzani mzito la UFC, Afrika ilikuwa na mabingwa watatu kwa wakati mmoja katika shindano hilo la MMA. Wengine walikuwa Kamaru Usman na Israel Adesanya, wote wazaliwa wa Nigeria. Kijana akiwatazama hao watatu kwenye simu yake anaona mabega, kifua na tumbo lililogawanyika kama matofali. Anahitimisha hapo hapo kwamba njia ya kuingia kizimbani inaanzia kwenye benchi la vyuma.

Basi anajipangia wiki. Jumatatu kifua. Jumanne mkeka. Jumatano miguu. Alhamisi ndondi. Ijumaa mgongo na mikono. Jumamosi kupimana nguvu na wenzake, raundi sita. Jumapili anakimbia, kwa sababu amesikia mabondia hukimbia. Kwenye karatasi inapendeza. Mwilini ni ngori.

Wiki tatu za kwanza kila kitu kinapanda, na anapiga picha. Kufikia wiki ya tano au ya sita, chuma alichokuwa akichuchumaa nacho mara tano kinamshinda mara ya tatu. Mkekani anaangushwa na mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa akimchezea. Bega linauma akivaa shati. Usiku anageukageuka kitandani. Na unajua dawa anayoitafuta? Anaongeza mazoezi.

Shida hii si ya uvivu, wala si ya kukosa moyo, na imechunguzwa kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1980 mtafiti Mmarekani, Robert Hickson, alichapisha utafiti ambao makocha bado wanautaja. Aligawa watu katika makundi matatu kwa wiki 10. La kwanza liliinua vyuma pekee. La pili lilifanya mazoezi ya pumzi pekee, yaani kukimbia na baiskeli. La tatu lilifanya yote mawili. Mwanzoni kundi la tatu lilipata nguvu sawa na lile la vyuma. Lakini baada ya wiki kama saba hivi, nguvu za miguu zilikwama, kisha zikaanza kurudi chini. Pumzi yao haikudhurika. Kilicholipa gharama ni nguvu.

Hapo kuna jambo ambalo wengi wanaosimulia utafiti huo hulisahau. Kundi hilo la tatu lilikuwa likifanya vyuma siku tano na pumzi siku sita kila wiki. Rudi uangalie ratiba ya kijana wetu hapo juu, uone kama kuna tofauti kubwa.

Tafiti zilizofuata zimepunguza hofu. Mtu anayepanga mambo yake vizuri anaweza kuongeza misuli na nguvu huku akifanya mazoezi ya pumzi, bila hasara ya kulilia. Kinachoumia zaidi ni ule mlipuko, uwezo wa kutoa nguvu nyingi ndani ya sekunde moja, hasa pale mazoezi ya aina hizo mbili yanapobanwa kwenye kikao kimoja. Sasa, mtu wa kawaida anayetaka afya hatajali sana mlipuko. Mpiganaji atajali, kwa sababu mlipuko ndio konde, ndio teke, ndio kuruka kukamata miguu ya mwenzako kabla hajajua umeondoka. Yaani kile unachokitafuta kwenye vyuma ndicho cha kwanza kuporwa ukivifanya ovyo.

Msimamo wangu ni huu: ukitaka kupigana, vyuma viwe kibarua, si mwajiri. Vinaitwa vikihitajika, vinafanya kazi yao, vinaenda nyumbani. Ukitaka mwili wa kupendeza na mapigano ni ya kujifurahisha tu, pia sawa, geuza: vyuma siku nne, mkeka siku mbili, na uachane na kupimana kwa nguvu. Lakini lazima mmoja awe mkubwa. Wanaotaka wote wawili wawe wakubwa ndio tunawaona na mabandeji magotini.

Mtazame huyo huyo Ngannou. Alikulia Batié, Cameroon, akifanya kazi kwenye timbo la mchanga tangu utotoni, kwa hivyo nguvu hazikuwa shida yake hata siku moja. Januari 2018 alipokutana na Miocic mara ya kwanza, jijini Boston, alitoka akirusha makonde ya kumaliza kazi. Raundi ya kwanza ilipoisha bila Miocic kulala, pumzi ilikuwa imekwenda. Raundi nne zilizobaki aliangushwa chini, akalaliwa, akashindwa kwa alama. Nguvu zilikuwepo, ila hazikuwa na mafuta ya kuziendesha.

Miaka mitatu baadaye alirudi ametulia. Hakukimbilia, alizuia kuangushwa, na raundi ya pili akammaliza Miocic. Januari 2022, akiwa na goti bovu, alimshinda Ciryl Gane kwa mieleka, kitu ambacho miaka minne nyuma hakuna aliyekitarajia kwake. Kilichobadilika ni ufundi, subira na matumizi ya pumzi. Misuli alikuwa nayo tangu timbo.

Hesabu nayo inasema hivyo hivyo. Pigano la kawaida la UFC ni raundi tatu za dakika tano, na la taji ni raundi tano. Ukiwa kwenye benchi la vyuma, seti moja inaisha chini ya dakika moja, kisha unakaa, unanywa maji, unajibu meseji. Kizimbani hakuna kukaa, na mtu wa kilo 77 anaweza kukulalia kifuani dakika nne nzima. Misuli mikubwa inahitaji damu na hewa nyingi, na kama moyo haujafunzwa kuisambaza, ile misuli uliyojisifia inageuka mzigo.

Je, uache vyuma kabisa? Hapana, na hapa natofautiana na makocha wa zamani wa ndondi wanaoamini vyuma humfanya bondia awe mzito kama gogo. Vyuma vikifanywa vizuri hulinda viungo, huimarisha shingo na mgongo, na humpa mtu mwembamba nafasi ya kutosukumwa kama pazia. Kinachomfanya mtu awe gogo ni kufanya vyuma vya watu wa kujionyesha: seti nyingi, kila seti mpaka mikono itetemeke, kifua na mikono kila siku, miguu ikikumbukwa sikukuu.

Mpiganaji anahitaji vikao viwili kwa wiki. Viwili tu. Ndani yake kuwe na zoezi moja la kuchuchumaa na chuma, moja la kuinua chuma kutoka sakafuni, moja la kusukuma na moja la kuvuta. Kuvuta kupite kusukuma, kwa sababu makonde yenyewe tayari yanavuta mabega mbele, na kupiga benchi kila siku kunayafunga kabisa. Seti tatu hadi tano, marudio matatu hadi matano, uzani wa maana, halafu unaacha marudio mawili mfukoni. Yaani unaweka chuma chini ukijua ungeweza kuinua mara mbili zaidi. Hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote kwa mtu wa jimu, kuondoka akiwa bado ana nguvu. Lakini zile mara mbili za mwisho ndizo zinazokuachia miguu ya mbao kesho yake, na kesho yake una mkeka.

Ongeza shingo, ongeza mshiko wa mkono, ongeza nyama za nyuma ya paja. Mikono ya mbele ya kioo? Fanya dakika kumi ukipenda, hakuna atakayekukamata. Ila buda, kifua hakipigani.

Wala usiseme huna vifaa. Wengi tumeanza na vyuma vya jua kali, saruji iliyomwagwa kwenye mikebe ya rangi na bomba katikati. Gurudumu la lori, gunia la mchanga na mti wa kujivutia vinatosha kabisa kwa mpiganaji. Gunia la mchanga hata lina faida yake, linahamahama mikononi kama binadamu anayekataa kubebwa.

Swali linalofuata ni siku gani uweke nini. Wengi hueneza mazoezi mazito wiki nzima wakidhani ndiyo haki. Matokeo yake hakuna siku hata moja mwili unapumzika. Mimi napendelea kukusanya ugumu mahali pamoja. Siku ya kupimana kwa nguvu au ya kukabana kwa kasi, ufundi ufanyike kwanza, kisha jioni, saa sita baadaye kama kazi inaruhusu, ndipo vyuma. Kesho yake ni siku nyepesi kweli kweli: ndondi za kivuli, kuruka kamba, kurudia mbinu polepole na mwenzako asiye na haraka. Kwa hivyo Jumatatu na Alhamisi zinaweza kuwa ngumu, Jumanne na Ijumaa nyepesi, Jumatano au Jumamosi ya pumzi, Jumapili ya kulala, kwenda kanisani na kula kwa mama.

Kuna watakaosema siku ya vyuma na siku ya mapigano zitenganishwe kabisa. Wana hoja, hasa kwa anayeanza ambaye bado anaumwa na kila kitu. Maumivu ya misuli baada ya mazoezi mapya hufika kilele siku ya pili au ya tatu, si jioni ile ile. Ndiyo maana anayechuchumaa na chuma kizito Jumatano hugundua Ijumaa kwamba hawezi kuinua mguu kupiga teke. Jambo moja tu halina mjadala: vyuma visitangulie ufundi. Mwili uliochoka unajifunza mbinu vibaya, na mbinu uliyojifunza vibaya inachukua miezi kuiondoa.

Kuhusu pumzi, hii ni Kenya, na tukisikia neno pumzi mawazo yanakimbilia Iten. Mpiganaji hahitaji kilomita 20 kila alfajiri. Mbio ndefu namna hiyo ndizo zinazogombana na miguu yako ya vyuma. Dakika 30 hadi 45 za kukimbia polepole, mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako bila kuhema, mara mbili kwa wiki, zinatosha kujenga msingi wa moyo. Magoti yakilalamika, panda baiskeli. Makali ya juu yatoke kwenye raundi zenyewe, guniani na mkekani.

Sasa kuna watu ambao ratiba hizi zote haziwahusu hadi kwanza wahesabu mchana wao. Nazungumzia kijana wa mjengo, anayepandisha mifuko ya saruji ya kilo 50 hadi orofa ya nne. Nazungumzia anayesukuma mkokoteni Marikiti au kubeba marobota Gikomba. Jimu za mapigano za mitaani zimejaa vijana hawa, na kocha akiwapa programu aliyoitoa kwenye video ya mpiganaji wa Las Vegas anayelala mchana na kukandwa jioni, anawaumiza. Mwili hautoi risiti moja ya mjengo na nyingine ya jimu. Unajumlisha. Mtu aliyebeba saruji kuanzia asubuhi amekwisha kuinua vyuma vyake. Kikao kimoja kwa wiki, siku asiyokuwa kazini, kinamtosha, na akiweke kwenye yale ambayo mjengo haumpi: kuvuta, shingo na mazoezi ya kurukaruka. Jioni za kazi, nguvu iliyobaki iende kwenye ufundi.

Ndipo tunafika kwenye sahani. Wanaofanya mazoezi ya nguvu hushauriwa kupata kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70, hizo ni gramu 112 hivi. Yai moja lina kama gramu sita, kwa hivyo usinunue trei nzima ukidhani umemaliza. Ndengu, maharagwe, omena, maziwa, njugu na matumbo vinafanya kazi hiyo kwa bei ambayo mkebe wa unga kutoka ng'ambo hauwezi kushindana nayo. Na tafadhali usiogope ugali. Kuna mtindo wa kukata wanga ili tumbo lionekane, halafu mtu anashangaa kwa nini raundi ya pili kizunguzungu kinamshika. Wanga ndio petroli ya mapigano. Ukifanya mazoezi mara mbili kwa siku, kula ugali, viazi, wali, chapati, na ule mwingi.

Kreatini, gramu tatu hadi tano kwa siku, ni kati ya virutubishi vichache vyenye ushahidi wa maana, ila inaweza kukuongezea kilo moja au mbili za maji, jambo la kukumbuka siku ya mizani. Mikebe mingine, hasa ile isiyo na maandishi ya kueleweka inayouzwa kwa kunong'onezana, iache. Shirika la kupambana na pufya nchini, ADAK, halitakubali utetezi kwamba hukujua kilichokuwa ndani.

Mizani yenyewe ndiyo mahali vyuma na mapigano hukosana kabisa, na hapa mtu anaweza kupoteza zaidi ya pigano. Tuseme una kilo 71 na unapigana kwenye uzani wa kilo 70.3. Uko sawa, gramu chache unazitoa kwa wiki. Halafu unapiga vyuma mwaka mzima, unakula vizuri, unafika 78. Umependeza, hakuna ubishi. Lakini sasa darasa lako ni la kilo 77.1, na wale unaowakuta huko wengi huwa wamejipunguza kutoka 85. Umehamia mtaa wa watu wakubwa kwa mguu wako mwenyewe. Njia nyingine ni kurudi chini kwenye 70.3, na hiyo haitatoka kwa mafuta pekee. Itatoka kwa maji.

Desemba 2015, mpiganaji wa China, Yang Jian Bing, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alifariki jijini Manila alipokuwa akipunguza uzani kwa ajili ya pigano la ONE Championship. Baada ya kifo chake, ONE ilipiga marufuku kupunguza uzani kwa kukausha mwili maji. Mashindano mengine mengi bado yanaruhusu, na huku mtaani utaona kijana amevaa nailoni na jaketi mbili juani, akitema mate kwenye chupa, bila daktari wala kipimo. Uamuzi wa uzani wako ufanywe mwaka mmoja mapema, siku unapoamua utainua vyuma vya namna gani. Kuongeza nguvu bila kuongeza kilo nyingi kunawezekana, na ndiyo sababu nyingine ya marudio machache mazito badala ya seti nyingi za kuvimbisha.

Akina dada wana onyo la ziada, na makocha wanaume wengi huona aibu kulitaja. Ukifanya mazoezi mengi huku ukila kidogo ili ubaki kwenye uzani, hedhi inaweza kukatika. Hiyo si nafuu. Ni mwili unazima taa za vyumba ambavyo haviwezi kulipiwa, na mifupa ni kimojawapo. Miezi mitatu ikipita bila kuiona, nenda ukamwone daktari, na vyuma visubiri.

Mwili unatoa ishara mapema, kama unasikiliza. Pima mpigo wa moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Ukipanda kwa zaidi ya mipigo saba au minane juu ya kawaida yako siku kadhaa mfululizo, kuna deni. Mshiko ukilegea kwenye vyuma ulivyovizoea, kuna deni. Ukimgombeza kila mtu nyumbani na huna hamu ya chakula, pia. Hapo punguza seti kwa nusu wiki nzima, uzani ubaki pale pale, na ulale saa nane. Najua saa nane za usingizi ni vichekesho kwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu ya Thika Road. Basi usingizi wa dakika 20 mchana, hata kwenye kiti cha nyuma cha hiyo matatu.

Pigano likikaribia, mambo yanakuwa mepesi. Wiki nane kabla, unaweza bado kuongeza uzani wa chuma. Wiki nne kabla, acha kuongeza: vikao viwili vifupi vya kulinda ulichonacho, dakika 40 kila kimoja. Kikao cha mwisho kizito kiwe siku saba hadi kumi kabla ya kupanda. Kuanzia hapo hakuna nguvu mpya unayoweza kupata, kuna uchovu tu unaoweza kujiongezea. Wiki ya mwisho ni kamba, kivuli, mbinu mbili tatu unazozitegemea na kulala mapema.

Na ukipigwa ukazimia au ukaona nyota, iwe kwenye pigano au mazoezini, vyuma navyo vinasimama. Wengi huacha kupimana lakini kesho yake wako jimu wakiinua, kwa sababu mikono haiumi. Kuinua kizito huku umebana pumzi kunapandisha shinikizo la damu kwa ghafla, na ubongo uliotikiswa hauhitaji hilo. Mwone daktari kwanza, anza na kutembea, kisha baiskeli nyepesi, kisha vyuma vyepesi. Kichwa kikianza kuuma popote katikati, unarudi hatua moja nyuma na kusubiri siku nyingine.